Nililipia Kiti Monza, Mbio Nikazitazamia Nyasini

Jukwaa nililouziwa Monza, uwanja wa mbio za magari kule Italia, lilikuwa na kila kitu isipokuwa mbio. Mbele ya kiti changu ulisimama mnara wa kamera, na ukiinama kushoto kuukwepa unakutana na bango la matangazo. Aliyeniuzia tiketi aliahidi kona ya kwanza yote ingekuwa machoni pangu. Nilichokiona chote ni mgongo wa mpiga picha. Mlinzi niliyemlalamikia aliitazama tiketi, akautazama mnara, akainua mabega, akaendelea kula mkate wake.

Na uchungu ulikuwa wa pesa hasa. Msimu wa 2024 wa Porsche Supercup, mashindano ya Porsche za aina moja tupu, ulikuwa na raundi nane, zote Ulaya, zote zikitangulia Formula 1 wikiendi hiyohiyo. Huwezi kuwalipia Porsche peke yao. Unanunua tiketi ya wakubwa ili uone mbio za nusu saa hivi. Nilizifuata raundi nilizozimudu. Imola ilikwenda vizuri. Spielberg, kule Austria, nilinyeshewa ndani ya hema la bei ya hoteli, basi yaishie hapo. Sasa ilikuwa Monza, 1 Septemba, raundi ya kufunga msimu, jua likichoma na maji ya chupa yakiuzwa kama manukato.

Nikashuka jukwaani, nikaenda kwenye nyasi za upande wa Variante della Roggia, zigizaga ya pili ya kona za kupunguza mwendo. Mzee mmoja wa Kiitaliano alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kukunja. Akaniuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza kama nimemfuata Leclerc, dereva wa Formula 1. Nikamwambia hapana, nimefuata hizi Porsche. Akasogeza mfuko wake nipate kivuli.

“Gari ni moja, sivyo?” akasema. Kweli: wote walikuwa na 911 GT3 Cup, nguvu farasi 510, gia sita, tairi zilezile za Michelin. “Basi usitazame gari. Tazama taa za breki.”

Nikafanya hivyo, na hapo ndipo safari yote ilipolipa. Zilikuja zikiwa zimebanana pua kwa mkia, na taa nyekundu zikawaka moja baada ya nyingine. Mmoja alichelewa kuwasha kuliko wenzake, nikadhani atapitiliza kwenye kokoto. Akajipenyeza ndani, akatokea mbele. Mwingine taa zake ziliwaka, zikazima, zikawaka tena. “Huyo ameogopa,” mzee akasema, na mzunguko uliofuata huyo huyo akapitwa. Aliyeongoza naye hakuonewa wivu na yeyote pale nyasini. Monza ni pa njia ndefu zilizonyooka. Wa mbele ndiye anayepasua hewa, wa nyuma anavutwa bure hadi karibu na kona, kisha anachomoka. Hapo mhandisi hana cha kumwongezea dereva. Kilichobaki ni mguu na moyo.

Msimu ulifungwa Larry ten Voorde akiwa bingwa kwa mara ya tatu, akibakiza taji moja kumfikia Patrick Huisman, Mholanzi mwenzake, aliyelitwaa taji mfululizo kuanzia 1997 hadi 2000. Mzee alimpigia makofi, akakunja kigoda, akaondoka. Formula 1 ilikuwa bado haijaanza!

Nilibaki nikiiwaza Safari Rally. Utotoni tulisimama kando ya barabara bila kulipa hata senti. Gari lilipita peke yake, likatuachia vumbi, tukasubiri jingine. Nani amemshinda nani tulikuja kuambiwa na redio jioni. Naipenda bado, lakini sikuwahi kumwona dereva mmoja akimtia mwenzake hofu, ana kwa ana, mbele ya macho yangu.

Foleni ya kurudi stesheni ya Monza ilikula muda kuliko mbio zenyewe mara kadhaa, na ndani ya treni tulisimama hadi Milano. Muuzaji wa tiketi nilimwandikia kudai fedha zangu. Alinijibu kwa kunipa punguzo la msimu ujao, kwenye jukwaa lilelile.