Chungwa la Muheza

Leo stendi ya Mbezi nimemwona kijana kaning'iniza glovu za ngumi shingoni, anasubiri basi la Tanga. Nikasimama kama nimeitwa.

Mwaka 1988 bondia Robert Wangila wa Kenya kachukua dhahabu ya Olimpiki Seoul, basi kambini kwetu kila mtu Wangila!

Tukapanda lori kwenda Tanga. Ngumi za ridhaa hizo, nauli yenyewe ya kuchangishana.

Muheza, machungwa yamejaa barabarani. Sisi mate tu, tusije tukazidi uzito, mizani inatusubiri.

Mwenzangu mmoja akanunua moja. Hakulila. Alilinusa mpaka Tanga, kalikumbatia kama mtoto.

Alipotoka kupima uzito, akalila na maganda yake.

(Pambano? Raundi ya kwanza tu, chali.)

Wazee wa ngumi mpo? Nyie njaa ya mizani mliivumiliaje?