Gego liliponishika Ijumaa usiku

Gego langu la chini lilikuwa na tundu tangu zamani. Maji baridi yaliliuma sekunde mbili tatu, basi. Kwa hali hiyo, kuziba jino mara nyingi hutosha. Ijumaa hiyo, chai ya moto iliamsha maumivu yaliyodunda dakika nyingi hata baada ya kikombe kuisha: kiini cha jino, penye neva, kilikuwa kimeshavimba.

Jirani mmoja hapa Kondele, Kisumu, aliniambia niponde aspirini niibandike ufizini. Tafadhali usifanye hivyo! Nilipotoa pamba, ufizi ulikuwa na doa jeupe kama utando wa maziwa, na ulimi ulipogusa ukabanduka, chini nyama nyekundu. Aspirini ni asidi, huunguza nyama laini. Hutuliza ikishamezwa tu, ikapita kwenye damu. Kidonda kile kilikaa karibu wiki.

Asubuhi kwenye duka la dawa nikauziwa amoksilini. Niliirudisha. Bila shavu kufura wala homa, dawa ya kuua bakteria haitulizi neva iliyovimba. Nilichukua ibuprofeni ya miligramu 400 na parasetamoli ya 500, zote hazikufika shilingi mia tatu.

Nilizimeza kwa kufuata saa, sikungoja maumivu yarudi. Parasetamoli mbili saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, saa 2 usiku. Za saa 8 usiku ni iwapo yamekuamsha, kwani tembe nane kwa siku ndiyo mwisho kwa mtu mzima. Ibuprofeni moja baada ya kula, kila yapitapo masaa manane, zisizidi tatu kwa siku. Ibuprofeni hupunguza uvimbe, parasetamoli hutuliza kwa njia yake, na pamoja zinashinda kila moja peke yake. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, mimba, au pumu inayochochewa na aspirini asiguse ibuprofeni. Usiongeze diklofenaki, ni ukoo mmoja na ibuprofeni. Soma pia pakiti ya dawa ya mafua: nyingi zina parasetamoli ndani.

Kilichonipa usingizi hasa ni kulishughulikia tundu lenyewe. Nilisukutua kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, nikapitisha uzi wa meno, ukatoka unyuzi wa muwa uliokuwa umejibana. Kisha kipamba kidogo kama punje ya mchele, tone moja la mafuta ya karafuu, kikakamuliwa na kuingizwa tunduni kwa kibano. Yakimwagika ufizini yanachoma. Nikalalia mito miwili, maana ukilala chali damu huelekea kichwani na jino hudunda zaidi.

Shavu likifura kuelekea jicho au shingo, mdomo ukikataa kufunguka, kumeza kukiwa taabu au homa ikipanda, nenda hospitali usiku huohuo.

Jumatatu daktari wa meno alinipa chaguo: kung'oa, au kutibu mizizi kwa elfu kadhaa. Nililiokoa. Mizizi miwili, mifereji mitatu, yote ikasafishwa.