Mtoto wa darasa la nne Bavaria: msingoje ripoti ya Mei

Wazazi wenzangu mnaohamia Munich, Nuremberg na kwingineko Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, mkiwa na watoto wadogo, habari ya alama za shule nawaandikia mapema, maana huku njia ya mtoto hupangwa akiwa na miaka kumi tu.

Alama za Ujerumani ni 1 hadi 6, na 1 ndiyo ya juu. Aliyezoea divisheni za NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, hapo hatapotea. Kinachotuchanganya ni kwamba ripoti haina nafasi. Shule zikifunga, dada yangu hupiga simu kutoka Tanga kuuliza mtoto kawa wa ngapi, nami sina cha kumjibu. Sizitamani nafasi. Nilisoma shule ambako majina yalisomwa mstarini mpaka wa mwisho, na wa mwisho tukamgeukia wote. NECTA yenyewe, ilipotoa matokeo ya kidato cha nne mwanzoni mwa 2023, iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Ila nafasi, pamoja na ubaya wake, ilimshtua mzazi. Huku ni lazima ujishtue mwenyewe.

Darasa la kwanza hakuna alama za tarakimu. Na hadi darasa la tatu, shule nyingi hazitoi ripoti ya katikati ya mwaka, bali mnaitwa mzazi na mtoto pamoja. Jambo hili nimelipenda kwa dhati. Mtoto hujaza fomu yake kabla: nasikiliza wenzangu, natunza vitu vyangu, nanyoosha mkono. Mwalimu naye ana yake. Siku ikifika mwalimu huzungumza na mtoto, wewe unasikiliza. Mwanangu alijiwekea alama ya chini kwenye kunyoosha mkono. Alipoulizwa kwa nini, akasema anaogopa akikosea Kijerumani watamcheka. Nyumbani hakuwahi kulitamka. Wakakubaliana atanyoosha mkono angalau mara moja kwa siku kwenye hesabu, ikaandikwa, tukatia saini wote watatu.

Darasa la nne upole huo unakwisha. Januari inakuja karatasi ya alama za hadi hapo, na mwanzoni mwa Mei ripoti yenyewe. Wanachukua wastani wa Kijerumani, Hesabu na somo la mazingira na jamii. Ukiwa 2.33 au bora zaidi, mtoto anaruhusiwa kwenda Gymnasium, njia ya moja kwa moja ya chuo kikuu. Hadi 2.66 ni Realschule, sekondari ya kati. Zaidi ya hapo ni Mittelschule, sekondari inayoelekea zaidi kwenye kazi za ufundi. Yaani mwenye 2, 2 na 3 anaingia Gymnasium, mwenye 2, 3 na 3 haingii. Alama moja! Aliyekosa anaweza kufanya masomo ya majaribio ya siku tatu, na hata Realschule na Mittelschule zina njia za kupanda baadaye, lakini ni ndefu zaidi.

Kwa mtoto aliyetua hapa na miaka minane, naona ni mapema mno na si haki. Kwa hiyo shikeni hili, wengi hawaambiwi: mtoto ambaye Kijerumani si lugha yake ya mama, na hakuanza shule ya Kijerumani tangu darasa la kwanza, anaweza kuruhusiwa kwenda Gymnasium au Realschule hata akiwa na wastani wa hadi 3.33, iwapo kilichomwangusha ni lugha na inaonekana atajirekebisha.

Mitihani midogo huletwa nyumbani uitie saini. Isome kabla ya kusaini, hata kwa kamusi. Kila mwalimu ana saa yake ya kuonana na wazazi; omba miadi tangu darasa la tatu, ukiweza nenda na mtu anayejua lugha. Muulize wazi: akiendelea hivi, Mei ataandikiwa shule gani, na kanuni ya 3.33 inamhusu?