Siku Moja Maishani Mwangu: Mwanagenzi wa Kilimo Hai Msimu Unapofungwa

Saa 12:00 asubuhi

Watu wengi wakisikia kwamba msimu wa mboga umekwisha hudhani kwamba shamba nalo linapumzika, na kwamba mwanagenzi kama mimi, niliyekuja kujifunza kwa vitendo, sasa anangoja tu cheti chake. Ukweli ni kwamba tangu nianze mafunzo haya sijawahi kuwa na kazi nyingi kama katika majuma haya ya kufunga msimu. Mahali pengine msimu hukatizwa na baridi, pengine na ukame, lakini popote pale shamba lisilotumia viuatilifu vya viwandani lina sababu moja ya kutolifanyia mzaha jambo hili: ugonjwa tutakaouacha ardhini leo hatutakuwa na chupa ya kuuondoa msimu ujao. Kinga yetu iko katika usafi wa shamba, mzunguko wa mazao na udongo wenye afya, na yote matatu hushughulikiwa sasa, mmea ukiwa umeshatoa alichotaka mkulima.

Kazi ya kwanza ya siku ni mavuno ya mwisho, nayo hufanywa mapema kabla jua halijapasha mboga joto, kwa kuwa jani lililovunwa likiwa na baridi hukaa muda mrefu zaidi kuliko lililovunwa mchana. Tunachuma majani yaliyosalia, kisha tunageukia nyanya mbichi. Hizi hazichumwi ovyo. Tunachukua moja iliyofikia ukubwa wake tukaikata katikati: ikiwa ute unaozizunguka mbegu umeshafanyika na kisu kinazisukuma mbegu kando bila kuzikata, nyanya za kiwango hicho zitaiva ghalani, ikiwa kisu kimezipasua mbegu, basi hizo hazitaiva vizuri hata zikiwekwa wapi. Nyanya yoyote yenye doa la kahawia la bakajani, yaani ugonjwa unaoozesha majani na matunda, inatengwa papo hapo, maana ikiingia kwenye kreti itaoza na kuozesha jirani zake.

Saa 1:30 asubuhi

Maboga yanafuata. Nimefundishwa kuyapima kwa ukucha: ganda lililokomaa halitoboki kirahisi. Tunayakata kwa mkasi wa kupogolea na kuliachia kila boga kikonyo chake, wala hatulibebi kwa kikonyo hicho, kwa sababu kikichomoka hubaki jeraha ambalo vimelea hupitia. Baadaye yatakaa mahali penye joto na hewa, takriban nyuzi 27 za Selsiasi, kwa siku kama 10, ili ganda likauke na mikwaruzo ipone, kisha yahamishiwe ghala lenye ubaridi wa kiasi. Vitunguu vilikwisha kupitia hatua ya namna hiyo. Leo navikagua shingo tu. Chenye shingo nene na laini hakihifadhiki, kwa hiyo kinatumika kwanza. Vitunguu hutaka mahali pakavu, ilhali karoti hutaka baridi kali pamoja na unyevu mwingi, na ndiyo maana ghala moja haliwezi kuyatosheleza mazao yote hata likiwa kubwa kiasi gani.

Saa 2:30 asubuhi

Sasa tunaingia kwenye nyanya, na hapa ndipo penye kiini cha siku yangu.

Kung'oa nyanya kunaonekana kuwa kazi ya nguvu tu, na kwa shamba linalofanya haraka huenda ikawa hivyo. Msimamizi wetu, ambaye sote tunamwita Mama, amekataa kabisa tuifanye namna hiyo. Kila mche unaotoka ardhini lazima utazamwe mizizi kabla haujatupwa kwenye toroli, na kila tuta lina mstari wake katika ramani ya shamba ambamo tunaandika tulichokiona. "Mwanangu, majani yanaweza kukudanganya kwa sababu upande wa juu wa mmea una magonjwa mengi yanayofanana," aliniambia siku tulipoanza. "Tazama mzizi."

Kwa hiyo ninatazama. Mizizi yenye uvimbe usio na mpangilio, kana kwamba imefungwa mafundo, ni dalili ya minyoo fundo, yaani minyoo wadogo sana wa udongoni wanaoshambulia mizizi. Kwenye maharage, ambayo tunayaondoa katika tuta la jirani, jambo hili humchanganya mgeni, kwa kuwa mizizi ya mikunde nayo huwa na vinundu vyake vya halali wanamoishi bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani. Tofauti yao ni rahisi mtu akishaijua: kinundu cha bakteria kimeshikamana na mzizi kwa kando na hubanduka kwa kusuguliwa na kidole, na kikipasuliwa kikiwa hai ndani yake huwa na rangi ya waridi au nyekundu, uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, na haubanduki bila mzizi kukatika. Leo maharage yamenifurahisha. Tumeyakata usawa wa ardhi na kuiacha mizizi humo humo ioze na kuulisha udongo.

Kwenye kona moja ya shamba kuna nyanya zilizonyauka zikiwa bado na rangi ya kijani, na Mama alikuwa na shaka nazo tangu zamani. Tulikata kipande cha shina karibu na ardhi, tukakining'iniza katika glasi ya maji safi bila kukitikisa, tukangoja. Baada ya dakika chache nyuzi nyembamba nyeupe kama maziwa zilianza kushuka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa. Hiyo ndiyo alama ya mnyauko bakteria. Ukungu unaosababisha mnyauko hautoi nyuzi hizo, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu bakteria huyu anaweza kudumu udongoni kwa miaka na hushambulia pia viazi mviringo, bilinganya na pilipili. Miche yote ya kona hiyo iling'olewa pamoja na mizizi, ikatiwa katika mifuko na kutengwa ili ikateketezwe. Buti na majembe tuliyoyatumia pale yalioshwa kabla ya kugusa tuta jingine. Kona hiyo nimeizungushia duara jekundu katika ramani.

Yapo pia matunda yaliyotobolewa na Tuta absoluta, yule mdudu ambaye wakulima wengi wanamjua kwa jina la kantangaze. Matunda hayo hayaachwi yakaanguka na kuozea shambani, kwani mabuu yaliyo ndani yatakamilisha safari yao udongoni na kutoka wakiwa nondo. Tunayakusanya katika mifuko ya plastiki iliyofungwa vizuri na kuianika juani mpaka vilivyomo vyote vife.

Mwisho wa kazi hii ni kamba na nguzo. Shamba letu hufungia nyanya kwa kamba za katani, ambazo zinaweza kwenda kwenye mboji pamoja na mashina yenye afya. Niliwahi kuona mahali palipotumika kamba za plastiki, na ninaamini kwamba saa zinazopotea kuzichambua kutoka kwenye mashina zinakula faida yote ya bei yake ndogo. Nguzo zinasuguliwa udongo, zinapitishwa katika dawa ya kusafishia iliyo katika orodha inayoruhusiwa na wathibitishaji wetu, yaani wanaokagua kama shamba linafuata kanuni za kilimo hai, kisha zinalazwa juani.

Saa 5:00 asubuhi

Baada ya mapumziko mafupi tunahamia kwenye mboji. Wakati wa kufunga msimu ndio wakati ambapo malighafi hujaa kuliko wakati wowote, na jaribu kubwa ni kurundika kila kitu mahali pamoja na kwenda zetu. Rundo la namna hiyo huwa ni taka iliyopangwa. Mboji hutaka uwiano wa kaboni na nitrojeni ulio kati ya 25 kwa 1 na 40 kwa 1, ambao kwa vitendo hupatikana kwa kupishanisha tabaka za vitu vikavu, kama vile mabua na majani makavu, na tabaka za vitu vibichi na samadi. Unyevu tunaupima kwa mkono: gao la mboji likikamuliwa litoe matone machache tu. Likitiririka maji limezidi, na likimong'onyoka limekauka. Harufu kali ya amonia hutuambia kwamba vitu vibichi vimezidi, na dawa yake ni kuongeza vikavu.

Kuna kipimajoto kirefu kinachochomekwa katikati ya rundo, na ni kazi yangu kukisoma kila siku na kuandika. Kanuni za kilimo hai za Marekani, ambazo mashamba mengi yanayouza huko huzifuata, zinadai kwamba mboji yenye samadi inayotengenezwa kwa safu ndefu ikae katika joto la kati ya nyuzi 55 na 77 za Selsiasi kwa siku 15, na igeuzwe angalau mara 5 katika muda huo. Joto hilo ndilo linaloua vimelea vya magonjwa na mbegu nyingi za magugu. Leo rundo la pili limefika nyuzi 61, kwa hiyo tunaligeuza, pande za nje zikiingia ndani ili nazo zipitie joto. Kazi hii huchosha mgongo kuliko nyingine zote, na sitaipamba.

Saa 8:00 mchana

Baada ya chakula tunapanda tena, jambo ambalo huwashangaza wageni wanaotutembelea wakati huu. Hatupandi mboga. Tunapanda mazao ya kufunika udongo katika matuta yaliyokwisha kusafishwa, ili ardhi isikae wazi kwa jua, upepo na mvua. Tunachanganya jamii ya nafaka na jamii ya mikunde: nafaka zinazotoa mizizi mingi hunyonya nitrojeni iliyosalia ambayo ingechukuliwa na maji kwenda chini, na mikunde huongeza nyingine kutoka hewani. Mbegu zinamwagwa kwa mkono, zinafukiwa kwa reki, kisha zinakanyagwa kidogo ili zishikane na udongo.

Katika matuta machache tunatandaza samadi ambayo haijapitia mboji, na sababu ya kuitandaza sasa ni ya kikalenda. Kanuni hizo hizo za Marekani zinataka samadi mbichi ichanganywe na udongo siku 120 au zaidi kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa hugusana na udongo, kama karoti, na siku 90 kwa mazao yasiyogusana nao, kama mahindi. Anayesahau kuitandaza msimu unapofungwa hujikuta hawezi tena kuitumia kwa mboga za mwanzo wa msimu unaofuata.

Saa 9:30 alasiri

Mipira ya umwagiliaji wa matone inafunguliwa miisho, inasukumwa maji mpaka yatoke safi, inakaguliwa kama ina matobo na kuviringishwa. Kazi hii haina siri wala mvuto, isipokuwa kwamba kila bando lazima liandikwe namba ya tuta lake, la sivyo kazi ya kupima urefu itarudiwa.

Kisha ninakaa kivulini na mbegu. Nyanya za aina za asili tulizozichagua kutoka kwenye miche iliyo imara zaidi zimekamuliwa pamoja na ute wake na kuachwa zichachuke kwa siku 2 au 3. Uchachu huo huuyeyusha utando unaoizunguka mbegu. Ninaongeza maji, mbegu nzuri zinazama, nyepesi pamoja na mabaki zinaelea na kumwagwa. Zilizozama zinatandazwa kwenye sahani, kamwe si kwenye karatasi, kwa kuwa huganda. Mbegu za chotara hatuhifadhi, maana watoto wake hawafanani na mzazi, na za maboga hatuhifadhi msimu huu kwa sababu aina mbili zilikuwa jirani na bila shaka nyuki walizichanganya.

Saa 11:00 jioni

Saa ya mwisho ni ya udongo na daftari. Tunapita katika kila eneo la shamba kwa mwendo wa zigizaga, tukichukua udongo wa kina cha sentimita 15 hadi 20 katika sehemu zipatazo 15, na kuuchanganya katika ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki haitumiki, kwani inaweza kupotosha kipimo cha madini hayo.

Daftari ndilo linalowachosha wanagenzi wenzangu, na mimi ndilo ninaloliona kuwa mhimili wa shamba. Mkaguzi wa uthibitisho akija hataona nyanya tulizozing'oa. Ataona tulichoandika: mbegu ilitoka wapi, tuta lilipewa nini, kreti ya tarehe fulani ilivunwa kona ipi. Marekani hutaka ardhi iwe imekaa miaka 3 bila vitu vilivyokatazwa kabla ya kuvunwa zao linalouzwa kuwa la kilimo hai, na Umoja wa Ulaya hutaka miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu. Muda huo hauwezi kuthibitishwa kwa maneno ya mdomo.

Mama anaketi karibu nami na ramani ikiwa mezani. Kuhusu kona yenye duara jekundu tumekubaliana kwamba hakuna chochote cha jamii ya mnyanya kitakachopandwa hapo kwa misimu kadhaa. Yeye anapendelea nafaka tupu. Mimi napendelea vitunguu, kwa kuwa havishambuliwi sana na bakteria huyo na shamba litapata kitu cha kuuza.

"Hoja yako ninaielewa," anasema, "ila vitunguu vinataka udongo wenye rutuba, na kona ile sijui imebaki na nini."

"Basi tungoje maabara, Mama."

Anaandika jina la kona hiyo juu ya mfuko wa kwanza wa sampuli, ili upimwe kabla ya mingine. Mifuko inaondoka kesho asubuhi.