Shafti Haivutwi: Nilivyobadilisha Shafti ya Gurudumu la Mbele Nyumbani

Aliyegundua kwanza kwamba gari letu linalia ni binti yangu, ambaye hukaa kiti cha nyuma upande wa kulia. Kila tulipokata kona kali kuelekea kushoto alikuwa akiniambia, "Baba, limeanza tena," nami kwa majuma kadhaa nilimjibu kuwa ni vijiwe vinavyorushwa na tairi. Siku niliposhusha kioo, nikazungusha usukani hadi mwisho na kukanyaga mafuta taratibu, nilisikia mwenyewe: ka-ka-ka-ka, chuma kikigonga chuma, kwa kasi iliyopanda kadiri gurudumu lilivyozunguka, na sauti ikakoma mara tu usukani uliponyooka.

Nilipouliza nilipewa majibu matatu, na yote matatu hayakuwa sahihi. Wa kwanza alisema ni balansi ya magurudumu, wa pili akasema ni beringi, na wa tatu akanishauri nifungue buti la jointi, yaani kifuko cha mpira kinachotunza grisi yake, nijaze grisi mpya na kuendelea na safari zangu. Gurudumu lisilo na balansi hutetemesha usukani gari likiwa kwenye mwendo mkubwa. Beringi iliyochoka huvuma mfululizo hata barabara ikiwa imenyooka. Kinachogonga kwenye kona kali, hasa gari linapovuta, mara nyingi ni jointi ya nje ya shafti inayozungusha gurudumu la mbele, ile ambayo mafundi huiita jointi ya CV, kwa kuwa hapo ndipo inapopinda kuliko wakati mwingine wowote. Nililala chini, nikamulika kwa tochi nyuma ya gurudumu la kulia, na ushahidi ukawa wazi: buti la mpira lilikuwa limepasuka kwenye mkunjo, na grisi nyeusi imetapakaa upande wa ndani wa rimu. Grisi inapotoka, mchanga na maji huingia. Kumjazia mtu grisi katika jointi ambayo njia zake za chuma zimekwisha kulika ni kumnunulia ukimya wa siku chache tu, kisha atalipa tena.

Gereji nilitajiwa kiasi ambacho, nilipokilinganisha na bei ya shafti yenyewe, kilikuwa zaidi ya maradufu. Niliamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Ni kweli kwamba soketi kubwa, mpini mrefu na mtaimbo vilinigharimu pia, lakini hivyo bado ninavyo.

Shafti ya kwanza niliyonunua niliirudisha. Muuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba kushoto na kulia ni ile ile, na mimi, kwa kuwa gari lilikuwa bado halijafunguliwa, sikuwa na ya zamani mkononi ya kulinganisha. Nilipopima kwa futi kamba nikiwa chini ya gari, niliona tofauti ambayo haikuhitaji macho makali. Katika magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, giaboksi haikai katikati kabisa, kwa hiyo shafti ya upande mmoja huwa ndefu kuliko ya upande wa pili. Ya pili ilipofika niliikagua urefu wake, nikahesabu meno ya ncha zote mbili, na kuhakikisha kwamba ile pete yenye meno inayosomwa na sensa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, ipo mahali pake. Atakayenunua shafti isiyo na pete hiyo, hali gari lake linaihitaji, ataimaliza kazi yote na kukuta taa ya ABS inawaka.

Nati kubwa ya katikati ya gurudumu ndiyo iliyonila asubuhi nzima. Nilikuwa nimeshalinyanyua gari, nimeliweka juu ya stendi na kutoa tairi, kisha nikaweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, nikidhani itazuia habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa, isizunguke. Nilivuta mpini, habu ikazunguka kidogo, gari likayumba juu ya stendi, na hapo hapo niliacha. Gari linaloyumba likiwa juu ya stendi si jambo la kujaribu mara ya pili. Nilirudisha tairi, nikalishusha gari chini, nikatoa kifuniko cha katikati cha rimu ili soketi ipite, na kumwomba mke wangu akae kwenye usukani na kukanyaga breki kwa nguvu zote bila kuachia. Kabla ya hapo nilichukua tindo nyembamba, nikanyanyua ule ukingo wa nati uliokuwa umegongwa na kuingizwa kwenye mfereji wa shafti ili nati isilegee. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ukingo huo hujivunja wenyewe nati inapozunguka. Ni kweli hujivunja, lakini huweza kuondoka na nyuzi za skrubu ya shafti, na hapo nati hukwama katikati ya njia.

Kisha nilichomeka bomba la chuma la mita 1 kwenye mpini wa soketi. Kitabu cha gari langu kinataka nati hiyo ikazwe kwa Newton mita 216 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na baada ya miaka ya kutu, kuilegeza hudai nguvu kubwa kuliko hiyo. Mtu mwenye kilo 70 akiegemeza uzito wake wote kwenye ncha ya bomba la mita 1 lililolala usawa wa ardhi hutoa takriban Newton mita 690. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimeketi chini, nimechoka, na ndiyo iliyonirudishia moyo, kwa sababu ilinionyesha kwamba sihitaji misuli mikubwa, bali nahitaji mpini mrefu na gurudumu lisilozunguka. Niliegemea polepole, chuma kikapiga kelele kali ya mkato, na nati ikalegea.

Kuachanisha boljointi ya chini, kiungo chenye tufe kinachoishika habu, na mkono wake kulikuwa kazi ya kawaida ya spana. Niseme tu kwamba waya wa sensa na bomba la breki havipaswi kubeba uzito wa habu. Nilivifungulia vishikio vyao na kuitegemeza habu kwa kamba. Shafti ilikuwa imeshikwa na kutu ndani ya habu. Niliirudisha nati mpaka ikawa sawasawa na ncha ya shafti ili nyuzi zisipondeke, nikaweka kipande cha mbao ngumu na kupiga kwa nyundo. Kwa pigo la tano au la sita ikasogea.

Sasa nifike mahali ambapo ushauri mbaya ulinigharimu. Jirani yangu, mtu mwema ambaye amemiliki magari mengi, alikuwa amesimama kando akinitazama. "Shika shafti kwa mikono miwili, ndugu yangu, uivute kwa mpigo mmoja, itatoka giaboksi yenyewe," aliniambia. Niliishika, nikaweka mguu kwenye fremu, nikavuta. Ilitoka, nami nikadhani kazi imekwisha, kumbe kilichotoka ni shafti peke yake. Kikombe cha jointi ya ndani kilibaki kimeng'ang'ania giaboksi. Jointi ya ndani ya gari langu ina miguu mitatu yenye roli zinazoteleza ndani ya kikombe, ili shafti iweze kurefuka na kufupika gurudumu linapopanda na kushuka. Haikuundwa ili ivutwe. Ukivuta shafti, roli huchomoka, buti hupasuka na grisi humwagika, wakati pete ya waya iliyoko mwisho wa shina la kikombe, ambayo ndiyo hasa inayokishikilia ndani ya giaboksi, haijaguswa hata kidogo. Laiti ningekuwa nimekusudia kuitumia shafti hiyo tena, ningekuwa nimeiharibu kwa sekunde moja.

Kikombe kilichobaki hakikuwa na mahali pa kushika. Nilipenyeza mtaimbo kati yake na giaboksi, nikaukandamiza kwa nguvu ya kudumu, na hakikusogea. Niliongeza nguvu, nikaona mtaimbo unaanza kuacha alama kwenye mwili wa giaboksi, ambao ni wa alumini. Niliacha, nikanawa mikono, nikanywa maji na kufikiri juu ya ile pete ya waya. Pete hiyo ina mwanya, na hukaa kwenye mfereji. Ili shina litoke, ni lazima pete ijikunje na kuingia mferejini. Ukiibana kwa nguvu ya taratibu kutoka upande mmoja, shina huinama kidogo na pete hujikaza ukutani. Ukiipiga ghafla kutoka pande mbili kwa pamoja, shina hutoka likiwa limenyooka.

Nilitafuta mtaimbo wa pili, nikaweka vipande vya mbao bapa mahali ambapo chuma kingegusa alumini, nikasimamisha mitaimbo miwili ikitazamana, mmoja juu na mmoja chini. Nilikizungusha kikombe robo mzunguko ili mwanya wa pete ubadili mahali, kisha nikaipiga mitaimbo yote miwili kwa mkupuo mmoja mfupi. Hakikutoka. Nilizungusha robo nyingine, nikapiga tena. Katika robo ya tatu kikombe kiliruka kwa sauti ndogo na kuteleza nje kana kwamba hakikuwahi kushikwa na chochote. Jirani alipiga makofi. Nami nakiri kwamba nilijivunia sana dakika ile, na bado najivunia.

Beseni lilikuwa tayari chini, kwa maana shina likitoka mafuta ya giaboksi hufuata. Niliyapima yaliyotoka ili nirudishe kiasi kile kile cha aina ile ile, na baadaye nikathibitisha kwa kipimo. Sili ya mafuta, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje pale shina linapoingia, niliibadilisha bila kuwaza mara mbili. Ni kitu cha bei ndogo, kinakaa mahali ambapo hufikiki bila kurudia kazi yote, na mitaimbo yangu ilikuwa imepita karibu nayo. Niliipaka mafuta mdomo wake, nikaigonga taratibu kwa kutumia soketi yenye upana unaolingana nayo, mpaka ikakaa sawa pande zote.

Kabla ya kuingiza shafti mpya niliweka mwanya wa pete ukitazama chini, na nikapaka grisi nzito kwenye mfereji ili pete isimame katikati badala ya kuning'inia upande mmoja. Niliiongoza shafti polepole ili meno yasikwaruze sili, nikaishika kwa mikono yote miwili ikiwa imenyooka, nikaisukuma kwa pigo moja. Nilisikia klik. Usiamini sauti peke yake. Kishike kikombe chenyewe, si shafti, na ujaribu kukitoa kwa mkono. Changu kilicheza milimita chache tu na kugoma, na ndivyo inavyotakiwa.

Wakati shafti ya zamani ilipokuwa imetolewa, mtu mmoja alinishauri tulishushe gari na kulisukuma hadi kivulini. Nilikataa kabisa, na ninawasihi wengine wakatae. Katika magari mengi shafti na nati yake ndivyo vinavyoibana beringi ya gurudumu pamoja, na kulibebesha gurudumu uzito wa gari wakati havipo ni kuiharibu beringi ambayo ilikuwa nzima.

Kwa nati mpya nilirudia utaratibu ule ule wa gurudumu chini na breki imekanyagwa, safari hii nikitumia spana ya kupimia nguvu hadi 216, kisha nikaugonga ukingo wa nati uingie mferejini. Nati ya zamani sikuirudisha, kwa sababu ukingo uliokwisha kukunjwa na kunyooshwa haushiki kama mwanzo.

Jioni nilipasua buti lote la jointi ya nje ya shafti ya zamani na kuisafisha kwa mafuta ya taa. Ndani mlikuwa na gololi 6, kila moja katika njia yake, kwa muundo ule ule wa msingi ambao Alfred Rzeppa aliubuni katika miaka ya 1920. Nilipopitisha ukucha kwenye njia hizo ulikwama katika mashimo mawili yaliyochimbika. Mashimo hayo ndiyo yaliyokuwa yakisema ka-ka-ka, na hakuna grisi ambayo ingeyaziba.

Tulikwenda kwenye uwanja mtupu, binti yangu akiwa kwenye kiti chake, nikazunguka kushoto usukani ukiwa umefika mwisho, kisha kulia, kisha kushoto tena nikiongeza mafuta. "Baba, limenyamaza," alisema. Kwa usiku 3 nililaza kipande cha boksi chini ya giaboksi, na kila asubuhi nilikikuta kikavu. Nikiwa bado nimelala pale chini asubuhi ya mwisho niliangalia na buti la upande wa kushoto: halijapasuka, lakini lina nyufa ndogo kwenye mikunjo, na jointi yake bado iko kimya. Buti jipya na grisi yake nimekwisha kununua.