Kumbukumbu ya tafsiri yangu: feniksi, moto na neno "kuota"

Wiki ya sita. Nimefika kwenye kurasa za mwisho za Fahrenheit 451, riwaya ya Ray Bradbury iliyotoka mwaka 1953, ambayo sehemu yake ya tatu ninaitafsiri kwa matumizi yangu mwenyewe, ili nione alama za matumaini na za kuzaliwa upya zinavyosimama katika Kiswahili. Wiki hii nimemaliza kurasa nne tu.

Suala la "zimamoto" nililimaliza mapema. Katika nchi ile ya kubuni kazi ya zimamoto ni kuchoma vitabu, na mgongano uliomo ndani ya neno letu unaufaa mkasa huo kuliko neno lolote ambalo ningelibuni.

Aliyenichelewesha ni feniksi. Nilipoanza niliandika daftarini kwamba ndege huyu, anayejichoma kisha akainuka kutoka majivuni, ndiye alama kuu ya matumaini. Sasa naona niliharakisha. Bamba lenye sura yake hukaa kifuani mwa hao hao wachoma vitabu, na Granger, kiongozi wa watoro wanaotembea na vitabu walivyovikariri vichwani, anapomtaja baada ya mji kuteketezwa kwa mabomu, anamtaja kama kiumbe aliyerudia kosa lile lile kila baada ya karne kadhaa. Binadamu anamzidi kwa jambo moja, kwamba anaujua upumbavu alioufanya. Kwa hiyo nimelifuta neno "ufufuko" nililokuwa nimeliweka, kwa kuwa kwetu lina ahadi ya kuyashinda mauti, na Granger hatoi ahadi hiyo.

Matumaini niliyakuta kwingine. Montag, zimamoto aliyeasi na kukimbia, anapotoka mtoni, akiwa na nguo za Faber, mzee aliyemsaidia kutoroka, mwilini, anawaza jinsi ambavyo angelala ghalani juu ya nyasi kavu na asubuhi akakuta bilauri ya maziwa na matunda. Kisha anauona moto kwa mbali, na watu wameunyooshea mikono, naye anashangaa kwamba moto huu hauunguzi kitu, bali unawapa watu joto. Niliandika "walikuwa wakiota moto", nikaweka kalamu chini. Aliyelala huota, mbegu huota, na mwenye baridi huota moto: safari yote ya Montag, tangu mtoni hadi kwenye duara lile la watu, imo katika kitenzi kimoja, na sikukitafuta.

"Kuhifadhi" nalo linanisaidia vivyo hivyo. Watu wale wamevihifadhi vitabu kwa maana zetu zote mbili, ya kutunza na ya kukariri, kama hafidhi aliyeibeba Kurani nzima kifuani, pale pale ambapo zimamoto huvaa feniksi.

Imebaki aya ambayo Montag anaikumbuka wakiurudia mji, ile ya Ufunuo juu ya mti wa uzima ambao majani yake huponya mataifa. Sitaitafsiri mwenyewe. Nitaichukua kama ilivyo katika Biblia ya Kiswahili, ili msomaji anayeijua aikumbuke pamoja naye.