Peasi si tufaha lenye shingo

Aliyeniingiza mkenge ni shemeji yangu. Nilipomwambia kwamba pamoja na saida ya matufaha nataka nijaribu na peri, yaani kileo cha mapeasi, alinipiga begani akasema, "Shem, tunda ni tunda. Ponda, kamua, tia hamira, subiri. Peasi ni tufaha lenye shingo tu."

Maneno hayo yamenigharimu misimu miwili, chupa kumi na tisa na heshima yangu kwa majirani. Leo, msimu wa tatu, nina peri inayong'aa hadi unasoma gazeti ukiitazama kupitia glasi, na saida ambayo hata wanaojidai hawanywi wameimaliza. Kwa hiyo ninayo haki ya kulalamika.

Kuosha na kuchambua matunda sielezi. Lililochubuka linaingia, lenye ukungu linatupwa, basi. Kazi ni kuponda. Mara ya kwanza nilitumia blenda ya jikoni. Ilitoka kitu kama uji mzito, nikaumimina kwenye kitambaa, nikabana, na uji ukapenya kitambaani ukaruka hadi ukutani. Juisi niliyopata ilikuwa kidogo kuliko ile niliyoifuta sakafuni. Kinu cha kusagia matunda kilikuwa bei ambayo nisingeweza kuitamka mbele ya mke wangu, nikabaki naduwaa mbele ya friza, na hapo ndipo akili ikanijia. Maji yakiganda hutanuka, na yakitanuka hupasua chembe za tunda kutoka ndani. Nikatoa kila kitu kwenye friza, nikajaza matufaha, nikayaacha yawe mawe, kisha nikayatoa yayeyuke siku nzima. Yalilegea kama sponji iliyolowa. Hayakuhitaji kinu, ukilibinya moja tu juisi inachuruzika hadi kwenye kiwiko. Ubaya ni kwamba friza huchukua kidogo kwa mara moja, hivyo kwa wiki tatu nyumba yetu haikuwa na chakula kilichogandishwa, na mimi sikuwa na amani.

Kikamulio nilikiunda mwenyewe: fremu ya mbao ngumu, trei yenye mdomo, machicha yaliyofungwa kwenye vitambaa tabaka juu ya tabaka, ubao kati ya tabaka na tabaka, na juu kabisa jeki ya gari. Gharama ni kama hakuna, ukiacha mbao, vitambaa, misumari, rangi isiyo na sumu na jeki ya pili. Jeki ya pili niliinunua baada ya gari kupata pancha usiku, mvua inanyesha, na jeki ya kwanza iko nyumbani imekalia matufaha. Usibane kwa hasira. Piga jeki mara mbili, nenda kanywe chai, rudi, piga tena mbili. Mwanzo kilo 10 za matufaha zilinipa lita 3. Nilipojifunza kusubiri, kilo hizo hizo zikanipa lita 5 na nusu.

Kuhusu kuiva, watu wanakuambia utazame mbegu kama zimekuwa kahawia. Mbegu zinadanganya. Mimi nakata tufaha katikati nalipaka ayodini, ile ya vidonda. Wanga ukigusa ayodini hugeuka bluu inayokaribia nyeusi. Tufaha changa litakuwa jeusi karibu lote, na lililoiva, ambalo wanga wake umeshageuka sukari, litabaki jeupe. Mwaka wa kwanza nilinogewa na mchezo huo nikapima matufaha pengine mia, vidole vikawa na rangi ya mvuta sigara wa miaka arobaini. Matatu kwa kila mti yanatosha. Ukishayachuma, au bora zaidi ukiyaacha yadondoke yenyewe, yalundike mahali penye hewa wiki mbili au tatu, mpaka kidole gumba kikibonyeza kinaacha shimo. Hapo sukari imefika mwisho wake na tunda limelegea.

Sasa, mwanafunzi mwema wa shemeji nikalundika na mapeasi vilevile, ubavuni mwa matufaha. Mapeasi ya peri si yale ya kula. Ni madogo, magumu, na yana ukakasi wa kukukunja uso mpaka masikioni. Uingereza, huko Herefordshire na Gloucestershire, wanayo ya aina nyingi mno, na mipeasi mingine inafikisha miaka mia mbili na zaidi ikiwa bado inazaa. Nikayaacha wiki mbili. Kwa nje yalikuwa mazuri, ngozi haina doa. Nikakata moja: ndani tope la kahawia. Nikakata la pili: tope. Tufaha likioza linakuonyesha, doa linaanzia kwenye ngozi. Peasi linaanzia kwenye kiini, likiwa linakutabasamia. Theluthi mbili ya mavuno yangu yakaenda kwenye shimo la mbolea. Kila aina ina siku zake. Nyingine husubiri wiki kadhaa, nyingine zinataka zisagwe zikidondoka tu, kwa hiyo siku hizi nakata moja kila asubuhi kama mgonjwa anayepimwa homa.

Kutoka kwenye theluthi iliyobaki nilipata dumu moja. Haidromita, kile kipimo kinachoelea kwenye juisi na kusoma juu zaidi kadiri sukari ilivyo nyingi (maji matupu ni 1.000), ilisoma 1.058, na kwa bahati nilikuwa nimesikia kwamba mapeasi yaliyosagwa hulazwa usiku kucha kabla ya kukamuliwa ili ukakasi upungue, nikafanya hivyo. Nikatia hamira. Povu likapanda, vali ya kutolea gesi ikaanza kubwabwaja, baridi ikaingia, kazi ikaendelea polepole kama inavyotakiwa, maana uchachaji wa haraka kwenye joto hupeperusha harufu yote nzuri. Katikati ya majira ya baridi saida ilikuwa imeshuka hadi 1.000, kavu kabisa. Peri ikafika 1.011, ikasimama.

Nikangoja wiki. 1.011. Nikangoja wiki ya pili. 1.011. Nikamwuliza shemeji, akasema, "Hamira imekufa, Shem. Ongeza." Nikaongeza pakiti. Kimya. Akasema ina njaa, nikaitilia chakula cha hamira. Kimya. Akasema ina baridi, nikalihamishia dumu chumbani kwetu, nikalivisha blanketi na chupa ya maji moto. Mke wangu alisema amewahi kuumwa mafua katika nyumba hii na hakuna aliyemletea chupa ya maji moto. Bado kimya. Mwisho, na hapa naona haya kuandika, nikakoroga kwa mwiko mrefu ili "kuiamsha", nikamalizia na vijiko viwili vya hamira ya mkate. Hewa ndiyo adui mkubwa wa kileo kilichokwisha kuchacha, kwa sababu bakteria wa siki hawafanyi kazi bila oksijeni, na mimi niliwakaribisha kwa mwiko.

Wiki ya tatu nikapata mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza peri tangu ujana wake. Nikamweleza kisa chote, blanketi na yote. Hakuuliza hamira gani wala joto kiasi gani. Aliuliza, "Ukiionja ni tamu?"

"Tamu kidogo, mzee."

"Basi ilikwisha siku nyingi. Ulikuwa unamlazimisha ale mtu aliyekwisha kushiba."

Peasi lina sobitoli. Hiyo inafanana na sukari, ni tamu ulimini, inainua haidromita, lakini hamira haiwezi kuila. Tufaha nalo linayo, ila kidogo. Kwa hiyo peri ikisimama 1.008 au 1.012, huenda ndiyo imefika nyumbani. Yangu ilikuwa imefika nyumbani, nami nikaifungulia mlango, nikaitoa nje, nikaipiga. Tulipoionja ilikuwa na ladha ya mkate uliolowa na siki kwa mbali. Shemeji alisema inafaa kwenye kachumbari.

Ungedhani somo limeingia. Liliingia kupita kiasi. Msimu wa pili saida, narudia, saida ya matufaha, ilisimama 1.012 wakati wa baridi kali, na mimi profesa nikatangaza kwa kila mtu, "Imekwisha hiyo, ni sobitoli." Nikaijaza kwenye chupa arobaini za mvinyo, zile za kawaida, nikazipanga stoo kwa fahari, na vibandiko nikavichora kwa mkono.

Baridi ilipopungua, usiku mmoja tukasikia mlipuko. Mke wangu akasema mwizi. Nikashuka na fagio, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Nikiwa mlangoni mwa stoo ikapasuka ya pili, kioo kikapiga bati, na nikaelewa kila kitu kwa mkupuo. Hamira haikuwa imeshiba, ilikuwa imelala kwa baridi. Joto limerudi, imeamka na kukuta sukari yote mezani. Kuanzia 1.012 hadi 1.000 ni kama gramu 25 za sukari kwa lita. Watengenezaji wa shampeni Ufaransa hutia takriban gramu 24 kwa lita makusudi, kupata shinikizo mara 6 ya lile la hewa ya kawaida, na chupa zao ni nene na nzito kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa nimetengeneza shampeni ndani ya chupa nyembamba.

Asubuhi niliingia stoo nimevaa koti la mvua, helmeti ya baiskeli, miwani ya kuchomelea, na mfuniko wa sufuria kubwa mkono wa kushoto. Majirani wawili waliiona hali hiyo dirishani na hawajaisahau. Ikikutokea, usikimbilie kufungua. Kwanza fungua milango na madirisha baridi ya usiku iingie, kwa kuwa gesi hutulia kwenye kinywaji baridi, kisha ifunike kila chupa kwa taulo nene kabla ya kuigusa. Niliokoa ishirini na moja. Ile niliyoionja ilikuwa, naapa, nzuri ajabu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa nitajuaje iliyolala na iliyoshiba? Shemeji, bila kuona aibu, alileta vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo. Vijiti hivyo huona glukosi peke yake, na hamira huanza kula glukosi, inayobaki mwishoni ni fruktosi. Kijiti kitakuambia hakuna sukari huku bomu likiwa chupani. Ninachofanya ni hiki: natoa nusu lita kutoka kwenye dumu, natia hamira nyingi kuliko inavyostahili, naiweka mahali pa joto, karibu na friji kwa nyuma, siku saba hadi kumi, naitikisa kila ninapopita. Haidromita ikishuka, kileo kilikuwa kimelala, nalirudisha dumu lingoje. Isiposhuka, kimekwisha. Nusu lita hiyo hainyweki, mwaga. Msimu huu saida ilisimama 1.009, jaribio likashuka hadi 1.000, ilikuwa imelala. Peri ilisimama 1.010, jaribio likabaki 1.010. Sikuigusa hata kwa kidole, achilia mbali mwiko. Niliihamisha tu kwa mpira polepole kwenye dumu safi, nikaacha mashapo chini, nikajaza hadi shingoni ili hewa isipate pa kukaa.

Miti ikichanua, saida iliyokwisha kabisa huanza tena kutoa vipovu vidogo. Mwaka wa kwanza nilifurahi, maana wazee husema kileo kinahisi maua ya mti uliokizaa. Haidromita haikusogea hata nukta. Ni bakteria walioamshwa na joto, wanageuza asidi ya maliki kuwa laktiki na kuachia gesi kidogo, na ukali ule wa kukaza meno unalainika. Kwenye saida nawaacha wafanye kazi yao. Kwenye peri siwaruhusu, kwa kuwa mapeasi mengi yana na asidi ya sitriki, na hiyo ndiyo wanayoweza kuigeuza siki. Peri ikishatulia naitilia salfaiti kidogo, kemikali ya kuwazuia bakteria, na wanaopinga kemikali waje waonje ile ya mwaka wa kwanza, nimewawekea chupa.

Jambo jingine nililotaka kusahau: nilichanganya peri mbili, zote safi kama maji ya chemchemi, na asubuhi nikakuta maziwa. Tanini, zile zinazoleta ukakasi, za moja zimegombana na za nyingine. Changanya glasi moja kwanza, ikae siku kadhaa, ndipo umwage dumu.

Joto lilipokolea nikamwalika shemeji. Nikamwekea glasi ya peri iliyopoa, akainusa, akaionja, akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinyamaza. Akasema, "Shem, si nilikuambia? Tunda ni tunda." Akaomba ya pili, na ya tatu. Nilitaka kumweleza kwamba sobitoli isiyoliwa na hamira haiishi kwa kuacha utamu, kwamba hata tumbo la binadamu halijui la kufanya nayo na huiharakisha mlangoni. Lakini yeye ndiye mtaalamu. Nikamjazia ya nne, nikasogeza kiti changu ili njia ya kwenda chooni iwe wazi.